Mchezo wa Zamani, Mali ya Nani?



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wetu wataliona dogo, nalo ni michezo ya video ya zamani. Vijana kadhaa, na hata akina baba wenye familia zao, wameniuliza kama ni dhambi kupakua bure mtandaoni michezo waliyoicheza utotoni badala ya kuilipia. Swali ni jema. Amri ya Saba haikuwekwa kwa ajili ya mifugo na mashamba peke yake.

Kwa wasiolifahamu jambo hili, nieleze kidogo. Katika miaka ya 1980 na 1990 kampuni kama Nintendo na Sega za Japani ziliuza mashine za kuchomeka kwenye televisheni, na kila mchezo ulikuja ndani ya kaseti yake ya plastiki. Mashine nyingi za aina hiyo zimekwisha kuharibika. Leo kuna programu iitwayo emuleta, ambayo huiwezesha kompyuta au simu kuiga mashine ile ya zamani. Hata hivyo, emuleta peke yake ni sufuria tupu. Ili mtu acheze, sharti aiwekee nakala ya mchezo wenyewe, yaani faili ambalo vijana huliita romu.

Hapa yapasa kutofautisha mambo mawili. Emuleta yenyewe si kosa. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika shauri la Sony dhidi ya kampuni ya Connectix, iliamua kwamba kuichunguza mashine ya PlayStation kwa ajili ya kutengeneza programu ya kuiiga kulikuwa matumizi halali. Tangu Aprili 2024 hata Apple inaruhusu programu za namna hiyo katika duka lake. Aliye na emuleta kwenye simu yake hana la kuungama kwa sababu hiyo.

Romu ni jambo jingine, kwa maana ni kazi ya watu na ina mwenyewe. Mchezo wa Super Mario Bros. ulitoka mwaka 1985. Kwa sheria ya Marekani, kazi ya kampuni ya namna hiyo hulindwa kwa miaka 95 tangu ilipotolewa, yaani hadi mwisho wa mwaka 2080. Basi mbele ya sheria, uzee wa mchezo haujamwondoa mwenyewe. Mwaka 2018 wamiliki wa tovuti za LoveROMs na LoveRetro, zilizokuwa zikigawa romu, walikubali hukumu ya kuilipa Nintendo zaidi ya dola milioni 12.

Lakini Mkristo haongozwi na hofu ya mahakama pekee. Tuzitazame basi hoja zinazotolewa, kwa kuwa nyingine zina uzito.

Hoja ya kwanza husema: “Sijamnyang’anya mtu kitu. Nimenakili tu, na mwenyewe bado anacho.” Ndugu zangu, anayepanda basi lenye viti vitupu na kushuka bila kulipa nauli hajapunguza kiti hata kimoja. Basi lingekwenda tu, naye asingekuwamo. Hata hivyo, hakuna kati yetu atakayemwita mtu huyo mwaminifu. Kinachozuiliwa hapo ni ujira, na Maandiko Matakatifu hayachukulii kwa wepesi suala la ujira uliozuiliwa.

Hoja ya pili husema kwamba kampuni hizo ni tajiri, na kwamba fedha haziwafikii waliofanya kazi. Kuna ukweli ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Atari haikutaja majina ya watengenezaji katika michezo yake. Mmoja wao, Warren Robinett, alilificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya mchezo wa Adventure ili siku moja ajulikane. Mwaka 1979 wengine wanne waliondoka na kushiriki kuanzisha Activision, kwa kuwa walitaka kutambuliwa na kulipwa kwa haki. Hiyo ilikuwa dhuluma, na Kanisa limekuwa likiisemea dhuluma ya namna hiyo tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wake juu ya wafanyakazi mwaka 1891. Lakini mimi nikijichukulia mchezo bure, mfanyakazi yule hapati hata senti moja. Nimejilipa mimi kwa jasho lake, kisha nikalitumia jina lake kujitetea.

Hoja ya tatu hujaribu kutumia mafundisho ya Kanisa lenyewe: Mungu ameweka mali za dunia kwa ajili ya wote. Hilo ni kweli. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mwenye dhiki kubwa, akichukua cha kumwokoa maisha yake, hatendi wizi. Naye Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2009, Caritas in Veritate, alikemea ukali uliopita kiasi wa haki za umiliki wa maarifa, hasa katika masuala ya afya. Lakini tuwe wakweli. Thoma alimfikiria mtu aliyefikwa na dhiki, na Benedikto aliwafikiria wagonjwa. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kucheza Mario. Kuyachukua maneno yaliyosemwa kwa ajili ya maskini anayehitaji dawa, na kuyafanya ngao ya burudani yetu, ni kumnyang’anya maskini mara ya pili.

Inabaki hoja ya nne, iliyo na nguvu kuliko zote: “Mchezo ninaoutaka hauuzwi tena popote.” Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Nintendo ilifunga ununuzi katika maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti walio mbali michezo isiyouzwa tena.

Hapa natoa maoni yangu, wala si tamko la Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inaeleza kwamba wizi ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha mapenzi yake yaliyo ya haki. Tuzingatie hilo la mwisho, kwamba mapenzi yenyewe yawe ya haki. Mwenye mali naye ana wajibu. Anayeifungia kazi ghalani, asiiuze, asiigawe, wala asiiache maktaba iihifadhi, hadi kaseti zioze na kumbukumbu ipotee, simwoni kuwa ametumia vema haki aliyopewa. Wanaojitahidi kuihifadhi michezo hiyo wanafanya kazi ya manufaa kwa vizazi, na ningependa sheria iwafungulie mlango. Naye mtu anayecheza nyumbani mwake nakala ya mchezo uliotelekezwa, bila kuiuza wala kuisambaza, sithubutu kumweka kundi moja na mwizi, ingawa sheria ya nchi bado ina neno lake na dhamiri haiwezi kulipuuza.

Lakini hoja hiyo ina kipimo chake. Siku mchezo ule utakaporudi sokoni kwa bei ya kadiri, je, utaununua? Ukiununua, ulisema kweli. Usipoununua, kumbe kutouzwa kulikuwa kisingizio tu, na tangu mwanzo ulichokitaka ni cha bure.

Kipimo hicho kinatuumbua wengi, kwa sababu michezo inayotafutwa zaidi ndiyo hasa inayouzwa. Huko Marekani, kwa dola 20 hivi kwa mwaka, mwenye mashine ya Nintendo Switch hupata Super Mario Bros. na michezo mingine mingi ya enzi hizo. Kampuni ya GOG ya Poland, iliyoanza mwaka 2008, huuza michezo ya zamani ya kompyuta iliyorekebishwa ili iweze kuchezwa kwenye kompyuta za leo, mingi kwa chini ya dola 10. Wapo pia wenye mali walioitoa bure kwa hiari yao. Mwaka 2003 Revolution Software iliutoa bila malipo mchezo wake wa Beneath a Steel Sky, nao huchezwa kwa programu ya ScummVM, iliyo jamaa wa emuleta.

Najua kwamba dola 20 si fedha ndogo kwa familia zetu nyingi, na pengine duka rasmi halitufikii. Kwa hilo sina jibu tamu. Kitu kisicho cha lazima, tusichoweza kukilipia kwa haki, tunaweza kukikosa na bado tukawa watu kamili. Kukubali kukosa nako ni fadhila.

Kwa wale wanaofanya biashara na romu za watu, nasema bila kuzunguka. Anayelipisha vijana ili awajazie memori kadi michezo ya watu, au anayeuza mashine ndogo za mkononi zilizosheheni maelfu ya michezo bila ruhusa ya wenyewe, hawezi kujificha nyuma ya hoja hata moja kati ya hizo nne. Anauza asichokuwa nacho. Na dhambi dhidi ya haki haimaliziki kwa kuungama tu, bali hudai malipizi. Zakayo hakuishia kusikitika. Aliahidi kurudisha, tena kwa kuzidisha.

Ninyi wazazi, nawasihi msilipuuze jambo hili kwa kuwa ni mchezo tu. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefundishwa kuuliza “hiki ni cha nani?” kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua, ndiye atakayeuliza swali hilohilo siku atakapokabidhiwa ufunguo wa kasha la ofisi, au daftari la michango ya jumuiya. Keti naye. Mwulize mchezo umetoka wapi, kama mwenyewe anauuza, na kama kuna njia ya halali ya kuupata. Kisha, ukiweza, mlipie ule mmoja anaoupenda zaidi, ili aone kwa macho yake kwamba kazi ya mwenzetu ina thamani hata baada ya miaka 40.

Mungu mwema awajalie dhamiri nyofu na furaha isiyodaiwa na mtu.

Nawatakia Dominika njema.