Kilio Huanza Mfiwa: Tuwafunze Wafariji Kabla ya Msiba



Wahenga walisema, "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia." Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi. Kila nilipowauliza wanafunzi maana yake, walinijibu kama ipasavyo katika mtihani: mwenye jambo ndiye hutangulia kulishughulikia, kisha wengine wakaja kumsaidia. Jibu hilo ni sahihi, nami nimelipa alama zote. Hata hivyo, nilichelewa kutambua kwamba kabla ya kuwa fumbo la mambo mengine, methali hii yazungumzia kilio chenyewe. Yatuambia kwamba kilio ni mali ya mfiwa. Aanze yeye, sisi tumfuate.

Nililitambua hilo kwa aibu, na leo naona ni haki niisimulie.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, palikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye baba yake alikuwa mwendesha bodaboda. Asubuhi moja baba huyo alimpakia abiria kuelekea upande wa Malaba, lori likamgonga barabarani. Habari ilitufikia saa nne, nami nikatumwa kumwita kijana na kumweleza. Nilimweleza. Kisha, kwa kuwa sikujua la kuongeza, nikamwambia maneno ambayo nami niliambiwa utotoni: "Jikaze. Wewe sasa ndiwe mwanamume wa nyumba. Usilie mbele ya mama yako."

Kijana alinitii. Siku ya mazishi alibeba viti, akawagawia wageni maji, na jicho lake halikuloa. Watu walimsifu kwa ushupavu wake. Baada ya juma moja alirejea shuleni. Baada ya mwezi aliacha kuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, daftari mbele yake, na macho dirishani kila lori liliponguruma. Katika chumba cha walimu tulisema kwamba ameanza uvivu.

Aliyemwokoa hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mjane mmoja wa kijijini kwao, mwanachama wa Timu ya Afya ya Kijiji, ile tuiitayo VHT. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, yeye alianza kufika katika nyumba ile kila Alhamisi. Hakuja na hotuba. Aliketi mkekani pamoja na mama wa kijana, akamsaidia kuchambua maharagwe, akaenda zake. Kwa majuma kadhaa kijana alimwamkia na kupita. Alhamisi moja aliketi. Akauliza, "Mama, baba aliumia sana kabla hajafa?"

Swali hilo alikuwa amelibeba muda wote ule, na hapakuwa na mtu aliyempa nafasi ya kulitamka, kwa kuwa sote tulikuwa tumemwamuru ajikaze. Mjane yule hakujifanya kujua jibu. Alimwambia, "Sijui, mwanangu, lakini yuko anayejua." Kwa idhini ya mama yake, alimpeleka kwa fundi baiskeli mmoja aliyekuwa wa kwanza kufika pale barabarani. Fundi alimweleza kwamba baba yake hakuwa peke yake. Kwamba yeye alimshika mkono, na kwamba haikuchukua muda mrefu. Ndipo kijana alipolia, na wale watu wazima wawili wakamwacha alie.

Sidai kwamba machozi yale yalimponya. Mwaka ule alirudia kidato. Lakini alirudi kuandika. Nami nikajifunza kwamba mjane yule, asiye na shahada wala mshahara, alijua mambo matatu ambayo mimi na vitabu vyangu hatukuyajua: kufika, kunyamaza, na kurudi tena.

Huku kwetu Nagongera, na kote Tororo na Busia, hatuna uhaba wa watu wa kuhudhuria msiba. Mtu akifa, majirani hujaa uani kabla jua halijazama. Wanaume hutafuta miti na turubai, wanawake huleta unga, kuni na masufuria, daftari la michango huzungushwa, na viongozi hupewa nafasi ya kusema. Hili ni jambo jema, wala mtu asilidharau. Tatizo letu liko katika mambo mawili. Kwanza, wengi wetu tunapofika, tunafika na amri: usilie, kazi ya Mungu haina makosa, yupo aliyefiwa zaidi yako. Pili, mazishi yakiisha, sote tunaondoka siku moja, kama wasafiri wa basi moja. Mfiwa hubaki na vyombo vya kuosha na kimya cha usiku.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuliona jambo hili. Mfiwa hupewa salamu ya "makiwa", neno lililo ndugu ya "ukiwa", yaani hali ya upweke na ya kuachwa. Salamu hiyo haimwamuru mfiwa chochote, wala haimweleszi sababu ya kifo. Huutaja tu upweke wake, ili ajue kwamba umeonekana. Nadhani hakuna mafunzo ya ufariji yanayoweza kuanza mahali bora kuliko hapo.

Huenda msomaji akaniuliza: ikiwa mila zipo, mafunzo ya nini? Jibu langu ni kwamba mila zetu zilitungwa kwa ajili ya kifo kinachogonga mlango mmoja. Viko vifo vinavyogonga milango mia kwa saa moja. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka huko Bududa, si mbali nasi, ukafukia Nametsi na vijiji jirani. Watu zaidi ya 300 walihesabiwa kuwa wamekufa au wametoweka. Oktoba 2018 Bududa ikapigwa tena, wakafa watu zaidi ya 40. Mwishoni mwa Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Katika siku kama hizo jirani hawezi kumliwaza jirani, kwa kuwa wote wamefiwa. Wako wanaokosa hata mwili wa kuzika, na mila zetu nyingi huanzia kaburini. Baadhi ya walionusurika mwaka 2010 walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima na mbali na makaburi ya wazee wao. Ardhi walipewa, lakini nani alitembea nao katika ukiwa huo?

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka nao walionja uchungu wa namna hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wazazi walisafiri kutoka pembe zote za Kenya hadi Nairobi, wakapokewa katika uwanja wa Nyayo, kisha wakapelekwa chumba cha maiti cha Chiromo kuwatambua watoto wao. Watu wa Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na washauri walikuwapo kuwapokea. Fikiri, msomaji, kazi hiyo ni ya namna gani: kuketi kando ya mama anayesubiri kuitwa, kumletea maji, kumwambia ukweli wa kinachofuata, na kumshika anaporudi nje. Hiyo si kazi ya mtu anayekurupuka siku ile ile kwa huruma tu. Huruma isiyofunzwa ndiyo iliyonifanya mimi nimwambie mtoto ajikaze.

Habari njema ni kwamba mafunzo hayo yapo, wala si ya miaka mingi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na washirika wake, lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ulioandikwa ili utumiwe hata na watu wasio wataalamu. Kiini chake ni vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali ni salama, na nani ana hitaji la haraka. Sikiliza anayetaka kusema, wala usimlazimishe anayetaka kunyamaza. Unganisha mtu na jamaa zake, na taarifa za kweli, na chakula, na kituo cha afya. Wataalamu wanaonya waziwazi dhidi ya kumkalisha aliyenusurika na kumshurutisha asimulie yote aliyoyaona, kwa dhana kwamba atapata nafuu. Jambo hilo halijathibitika kumsaidia, na laweza kumdhuru. Msomaji ataona kwamba methali yetu ilikwisha kusema hivyo: kilio huanza mfiwa.

Wako wanaosema kwamba mambo ya nafsi waachiwe madaktari. Ningekubali kama madaktari hao wangekuwapo. Hospitali yetu ya taifa ya magonjwa ya akili iko Butabika, Kampala, na hakuna mjane wa Nagongera atakayepanda gari hadi huko kwa sababu hapati usingizi. Isitoshe, nchi yetu yenyewe imekwisha kutoa ushahidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya majuma mawili waliongoza vikundi vya watu wenye sonona, na wengi wa waliohudhuria vikundi hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa Mbare, Harare, walioketi na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza. Hao hawakuchukua nafasi ya daktari. Walijaza pengo lililokuwa kati ya daktari na nyumba ya mtu.

Wako pia wanaosema kwamba dini yatosha. Mimi mwenyewe ni mtu wa ibada, na najua faraja ya sala. Lakini hata padri, mchungaji na imamu wahitaji kujua ni lini pa kuomba na ni lini pa kuketi kimya. Mafunzo haya hayashindani na imani. Humfundisha mwenye imani adabu ya kuingia katika nyumba ya msiba.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la tatu: kwamba neno "kujitolea" limekuwa kisingizio cha kuwatumia maskini bure. Hilo ni kweli, nami sitaki kulifunika. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka Serikali iwe na utaratibu madhubuti wa kukabiliana na maafa. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 17, inamtwika raia wajibu wa kuwalinda watoto na wanyonge dhidi ya kuteswa na kutendewa vibaya. Wajibu huu wa pande mbili usigeuzwe kuwa wa upande mmoja. Raia atoe muda wake na sikio lake. Serikali itoe mafunzo, nauli, simu ya kuwasiliana na mahali pa kumpeleka aliyelemewa. Anayejitolea asidaiwe pia nauli ya kujitolea.

Kwa hiyo napendekeza jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Kila parishi iwe na watu sita au wanane, wanawake kwa wanaume, waliochaguliwa na wanakijiji kwa kigezo kimoja kikuu: mtu anayejua kutunza siri. Wafunzwe kabla ya msiba, si baada yake; Msalaba Mwekundu wa Uganda, kituo cha afya cha Nagongera na chuo cha walimu wetu wa kesho, kampasi ya Busitema iliyopo hapa hapa, wanaweza kushirikiana katika hilo. Mwenyekiti wa kijiji awe na majina yao. Nao wafungwe na kanuni chache. Wasipige picha za marehemu wala za mfiwa, na wasizitume kwa simu. Wasiahidi wasichoweza. Wasihubiri pasipo kuombwa. Wakiona mtu hali, halali, au anasema kwamba hataki tena kuishi, wasingoje. Wampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kila mmoja wao awe na mwenzake wa kumsikiliza, kwa sababu anayebeba vilio vya watu naye huchoka, na aliyechoka huanza kutoa amri.

La mwisho, na kwangu ndilo kuu: waandike katika daftari siku za kurudi. Juma la pili, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, na siku ya kutimiza mwaka. Daftari la michango tunalo katika kila msiba. Tuongeze ukurasa mmoja wa zamu za kurudi.

Nasi walimu tusijitenge. Mtoto aliyefiwa hutumia saa nyingi zaidi na sisi kuliko na mtu mwingine yeyote nje ya nyumba yao. Tuache kumwambia ajikaze. Tumwambie, "Makiwa, mwanangu. Ukitaka kusema, nipo. Usipotaka, nipo vilevile." Kisha tuwepo kweli.

Yule kijana alikuwa na swali moja tu, na jibu lake lilikuwa kwa fundi baiskeli, mwendo mfupi kutoka kwao. Lilikaa pale kwa majuma mengi kwa sababu mimi, niliyekuwa wa mbali, niliingia katika kilio kabla ya mwenye kilio.