Mwanao anapopanda boti ya kuzamia na vazi lisilozoeleka

Kijana wa miaka 14 anapanda boti Nungwi, Zanzibar, asubuhi ya likizo. Ana cheti cha kuzamia, hana tatizo la kiafya, na safari hii ana vazi lake mwenyewe la kuelea, zawadi ya mjomba anayeishi Ujerumani. Wenzake wote wamevaa jaketi za kukodi. Lake ni bamba la chuma mgongoni, ukanda mmoja wa nailoni unaozunguka mabega na kiuno, na mfuko wa hewa uliokaa nyuma kama mabawa.

Mama yake, aliyebaki ufukweni, anaona mwanawe amependeza. Swali ambalo hajajiuliza ni hili: kijana huyo akipata shida majini, nani kwenye boti ile anajua kumvua vazi hilo?

Mfano huu unaweza kumkuta mzazi yeyote ambaye mtoto wake ameanza kupenda mchezo wa kuzamia, iwe Unguja, Pemba au Mafia.

Vazi linafanya nini

Vazi la kuelea hujazwa hewa kutoka kwenye mtungi. Mzamiaji akiongeza hewa anapanda, akiitoa anashuka. Jaketi lililozoeleka hujaa hewa kiunoni na nyuma, na mara nyingi lina vifungio vya kubana na kuachia kwa vidole.

Vazi la bamba halina ubaya wowote. Wengi hulipenda kwa sababu humlaza mzamiaji vizuri anapokuwa chini. Lakini likijazwa hewa kupita kiasi juu ya maji, linaweza kumsukuma aliyelivaa aelekee mbele, uso ukaribie maji. Dawa yake ni kupunguza hewa na kuegemea nyuma kidogo, jambo ambalo mtoto anapaswa kulizoea mapema.

Pia kuna wanaobeba mitungi ubavuni badala ya mgongoni. Mtindo huo una mafunzo yake, na mtoto asiujaribu kwa mara ya kwanza kwenye boti ya matembezi.

Hatari iko wapi

Hatari ya kwanza ni uzito. Bamba la chuma pekee linaweza kuwa na kilo 2 hadi 3. Mtoto akivaa risasi zilezile alizozoea kuvaa na jaketi, anakuwa mzito kuliko inavyotakiwa. Atajaza hewa nyingi ili asizame, na hewa hiyo ndiyo itakayomvuta juu kwa kasi akishindwa kuitoa kwa wakati.

Hapo ndipo afya inapoingia. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyovutwa huko hutanuka mara mbili mzamiaji akifika juu. Mtoto akipanda haraka huku amebana pumzi kwa hofu, mapafu yanaweza kuchanika na hewa kuingia kwenye damu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuzamia ni kutobana pumzi kamwe.

Hatari ya pili ni watu wengine. Mwongozaji amezoea jaketi. Mkono wake unajua kifungio kilipo hata bila kuangalia. Kwenye ukanda mmoja wa nailoni, huenda kifungio kikawa kimoja tu, kiunoni, na mabega hayana cha kuachia. Kamba ya kutolea hewa nayo haikai mahali pamoja katika kila vazi. Sekunde za kutafuta ni sekunde za mtoto.

Afanye nini mzazi

Kwanza, apige simu kabla ya siku ya safari na kueleza vazi la mtoto. Aulize kama boti ina nafasi ya kulifunga na kama mwongozaji analifahamu.

Pili, mtoto alijaribu kwanza kwenye bwawa au maji mafupi pamoja na mwalimu, wapime uzito upya na kurekebisha ukanda uendane na mwili wake.

Tatu, kabla ya kuruka majini, mtoto amwonyeshe mwenzake kwa mikono: hewa inaingia hapa, inatoka hapa, ukanda unaachia hapa. Kisha mwenzake arudie yeye mwenyewe.

Nne, fomu ya afya ijazwe kwa ukweli. Pumu isifichwe kwa kuogopa mtoto kukataliwa. Daktari ndiye aamue.

Tano, mipaka ya umri iheshimiwe. Kwa utaratibu wa PADI, mtoto huanza kozi ya kwanza akiwa na miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawazidi mita 12, na wa 12 hadi 14 wenye cheti cha kwanza hawazidi mita 18, tena wakiwa na mtu mzima.

Mtoto akitoka majini akilalamika maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ganzi, kizunguzungu au akachanganyikiwa, alazwe, apewe oksijeni ya kwenye boti na apelekwe hospitali haraka. Asiambiwe apumzike kwanza.

Na vazi likibaki geni kwa kila mtu kwenye boti, mtoto akodi jaketi siku hiyo. Zawadi ya mjomba haitaoza. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu ya baharini haisubiri mtu ajifunze.