Acha Kuficha Jinsi Programu Yako Inaongea

Wasee, leo nimekasirika, lakini wacha nianzie mbali kidogo.

Unajua ile kushika faili na mausi, unaiburuta, unaiachilia kwa dirisha la programu ingine? Huo si uchawi. Programu moja inatumia ingine meseji: kuna faili imedondoshwa kwako, chukua. Ni hivyo tu.

Windows 3.0 ilitoka 1990. Programu ya Microsoft ya kupanga faili ilikuwa inatumia meseji za aina hiyo, lakini kwa maelezo rasmi waliyopewa waandishi wa programu, hazikuwa zimeelezwa. Mlango uko, ufunguo uko na mwenye nyumba. 1992 ikakuja Windows 3.1, wakaeleza jinsi ya kupokea faili. Jinsi ya kutuma? Kimya. Watu wakafungua programu kipande kwa kipande mpaka wakajua. Mwaka huo huo Andrew Schulman na wenzake wakatoa Undocumented Windows, kitabu kizima cha mambo ambayo maelezo rasmi yaliruka. Kitabu kizima, buda!

Na usiseme hayo ni ya Marekani. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa miaka mingi, msee wa kawaida anayeandika programu hakuwa na njia rasmi ya kuuliza, "huyu mteja amelipa?" So watu waliandika programu za kusoma SMS ya malipo neno kwa neno, zikitafuta jina na pesa. Sentensi ikibadilika kidogo tu, hesabu imekwama. Daraja ilikuja 2017. Jina lenyewe linakuambia kulikuwa na mto.

Sasa tukuje kwetu Sultan Hamud, kwa sababu kutukana kampuni kubwa ni rahisi.

Kuna mama hapa ananunua ndengu kwa wakulima. Kijana fulani alimwandikia programu ya kuweka rekodi: nani ameleta kilo ngapi, nani bado anadai. Mama alitaka kuhamisha hizo rekodi kwa simu yake, akaniita. Nilikaa na hiyo laptopu siku mbili. Hakuna pahali pa kutoa data, hakuna hata mstari mmoja wa maelezo. Kumpigia mwenyewe, anataka pesa kwanza. Kumbe deni za wakulima zimefungiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyehamia Nairobi!

Najua mtanijibu: "Nikieleza, nitaibiwa kazi." Wapi! Daraja ilifunguliwa na M-Pesa haikukufa. Kama kitu pekee kinachomrudisha mteja kwako ni kwamba hawezi kutoka, huyo si mteja, ni mateka.

Mimi niliacha chuo. Sina lekchara wa kuuliza. Kila kitu ninachojua, kuna mtu mahali aliandika maelezo akayaacha wazi. Ukificha yako, unamfungia dogo wa hapa mtaani ambaye hana njia ingine ya kuingia.

Siombi utoe programu yako bure. Lipwa, tena lipwa vizuri. Lakini kabla upokee hela ya mwisho, muachie mteja karatasi moja: nini kinaingia, nini kinatoka, na kinatoka aje.

Kama huwezi kuandika hiyo karatasi, bado hujamaliza kazi.