Amana na irudi kwa mwenyewe

Shukrani zote anastahiki Allah (SW), ambaye katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe.

Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru. Kinga ya Bodi ya Bima ya Amana kwa kila mteja haikuzidi shilingi 1,500,000. Mwenye zaidi alibaki kutegemea mali za benki iliyofilisiwa. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Mabenki ndiyo yanayochangia mfuko huo, si mteja.

Ndugu Waislamu wa Mbuchi, mafuriko ya 2024 yalitukumbusha kwamba sanduku la nyumbani si ngome. Fedha ya kikoba inayokaa sandukuni haimo katika bima hii; imo ile tu iliyowekwa katika benki au taasisi ya fedha yenye leseni ya Benki Kuu.

Basi enyi kamati za misikiti, mlioaminiwa mali za waumini: ulizeni kabla ya kuweka, iepukeni riba, wala msilundike katika benki moja akiba inayozidi kiwango hicho. Aliyebeba amana ataulizwa juu yake.

Wabillahi Tawfiq.