Majina yetu kwenye serveri: mwenye nyumba ajaribu kufuli mbele ya mwizi

Kila siku katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri kuna watu wanaotoa majina yao. Mkimbizi wa ndani anaandikishwa kambini. Mgonjwa anaandikwa kwenye kituo cha afya. Mama aliyetendewa ukatili anamueleza muuguzi yaliyompata. Karatasi inaingia katika ordinateri, inakuwa faili, na faili inatumwa: kutoka kijijini mpaka mjini, kutoka mjini mpaka Kinshasa ao ng'ambo. Watu wanamujua yule aliyeshika kalamu. Ni wachache wanaouliza faili inakwenda kukaa wapi, na mlango wa kule unafungwa na nini.

Kule inapokaa kunaitwa serveri, ni kusema ordinateri inayowaka usiku na mchana ili watu walio mbali waweke faili ao wazichukue. Njia moja ya kuzituma, inayoitwa FTP, ni ya zamani sana: iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1971, na hata leo kuna biro, hospitali na redio zinazoitumia. Mtu anaingia kwa jina lake na neno la siri, lile ambalo wengi kwetu wanaita mot de passe.

Shida ni kwamba FTP ilizaliwa wakati watumiaji walikuwa wachache, wengi wao wa vyuo vikuu, wenye kuaminiana. Neno la siri linapita njiani bila kufichwa, sawa vile barua isiyo na bahasha. Anayechungulia kwenye wifi ya hoteli anaweza kulisoma. Tena, serveri fulani zimepangwa kumkubali yeyote anayejiita "anonymous", bila neno la siri la kweli.

"Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?"

Jibu hilo linasikika mara nyingi, lakini halisimami. Wezi hawachagui serveri kwa kuangalia ukubwa wa shirika. Wanatumia programu zinazopita intaneti nzima, zikigonga mlango namba 21, ule wa FTP, kwa kila anwani. Mwezi wa tatu 2017, polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilionya hospitali na madaktari wa meno kwamba wahalifu walikuwa wakitafuta serveri za FTP zilizo wazi ili kuchukua habari za wagonjwa. FBI ilitaja uchunguzi wa chuo kikuu cha Michigan wa mwaka 2015, ulioonyesha serveri zaidi ya milioni 1 zinazokubali watu wasiojitambulisha.

Hata wakubwa wanateleza. Mwaka 2019, mtaalamu mmoja aliijulisha kampuni ya Marekani SolarWinds kwamba neno la siri la serveri yake moja lilikuwa limeachwa wazi kwenye intaneti. Neno lenyewe lilikuwa "solarwinds123". Mwisho wa 2020 ilijulikana kwamba kampuni hiyo iliingiliwa na wapelelezi. Kampuni ilisema neno hilo halikuhusiana na uvamizi ule. Hata kama ni hivyo, mtu wa inje ndiye aliyeliona mbele ya wenye mali.

Kujaribu mlango kunafanyika namna gani?

Kujaribu ni kufanya kile mwizi angefanya, lakini kwa ruhusa, na kuandika kilichopatikana ili kirekebishwe. Jambo la kwanza ni kujaribu kuingia bila neno la siri. Kisha yanajaribiwa maneno ambayo serveri ilikuja nayo kutoka kiwandani, pamoja na yale ya kila mtu: 123456, jina la shirika, mwaka.

Jambo linalofuata ni kuhesabu: mtu akikosea mara ngapi, serveri inamufungia? Tuchukue neno la siri la tarakimu 4. Yanayowezekana ni 10.000. Kuna programu za bure, kama Hydra, zinazojaribu maneno zenyewe bila kuchoka. Zikijaribu 10 kwa sekunde, zinamaliza yote chini ya dakika 17. Lakini serveri ikifunga dakika 15 kila baada ya makosa 5, majaribio yanashuka mpaka 20 kwa saa, na kazi ile ile inachukua karibu siku 21. Katika siku hizo, mwenye kusoma kumbukumbu za serveri ataona kwamba mtu anagonga. Hydra ni moja kwa mwizi na kwa mlinzi. Tofauti ni ruhusa.

Hapa sheria haichezi. Code du numérique ya Kongo, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia katika mfumo wa mwingine bila haki. Kijana anayejua ordinateri asijaribu serveri ya shirika "kwa kusaidia tu". Aombe karatasi yenye sahihi, inayosema serveri gani, siku gani na mpaka wapi.

Funguo zilizobaki mikononi

Katika mashariki kuna jaribio moja ambalo lina uzito kuliko mengine: kuhesabu nani bado ana ufunguo. M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, wafanyakazi wengi walihama kwa haraka. Depo na biro za mashirika ya misaada ziliporwa. Ordinateri iliyoporwa, kama neno la siri limehifadhiwa ndani yake, inafungua serveri bila kuvunja kitu. Mwenye kuishika hana hata haja ya kukisia. Vilevile kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake uliisha zamani lakini jina lake halikufutwa.

Kwa hiyo orodha ya watumiaji inapaswa kupitiwa kila mara mtu anapoondoka ao biro inapohama. Na kila mtu aone tu faili za kazi yake: anayetuma orodha ya kambi moja hana sababu ya kufungua ya kambi zote.

Kufuli nzuri peke yake haitoshi, kama ukuta una tundu. Mwaka 2023, kundi la wezi liitwalo Cl0p lilipita kwenye kosa la programu ya kutuma faili MOVEit, bila kuhitaji neno la siri la mtu. BBC ilikuwa kati ya walioguswa, sababu kampuni iliyoshughulikia mishahara yake ilitumia programu hiyo.

Tena, Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba habari za watu zaidi ya 515.000 zimeingiliwa. Wengi ni watu waliotengana na jamaa zao kwa vita, uhamiaji ao majanga, kazi ambayo watu wa kwetu wanaijua vizuri. Wavamizi walipita kwenye kosa la sehemu inayohakiki anayeingia, kosa ambalo dawa yake ilikuwepo lakini haikuwa imewekwa bado. Walikaa ndani siku 70 mbele ya kugunduliwa.

Katika nchi za amani, wizi wa namna hiyo unaweza kumaliza pesa za mtu kwenye benki. Hapa, orodha inaweza kuonyesha nani alilalamika, nani alitoa ushahidi, familia ya nani imejificha wapi. Neno la siri linabadilishwa kwa dakika moja. Jina la mtu na kijiji chake havibadilishwi.

Mzigo huo hauwezi kuwekwa juu ya mkimbizi aliyesimama kwenye mstari. Uko juu ya yule aliyeomba jina. Lakini wakaaji, viongozi wa kambi na kamati za afya wana haki ya kumuuliza: faili hizi zinatumwa kwa njia iliyofichwa, kama SFTP? Nani anaweza kuzifungua? Waliohama wamefutwa? Mlango ulijaribiwa lini mara ya mwisho, na nani? Shirika ambalo limefanya kazi hiyo litajibu bila kutafuta maneno.