Tembe la Kwihara lisiachiwe mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu tembe la Kwihara, lililo nje kidogo ya mji wa Tabora.

Wenzetu wa pwani hulalamika kwamba bahari inakula ufuko na kutishia majengo ya kale. Kilio chao ni cha haki. Lakini hata sisi wa bara tuna adui yetu, nayo ni mvua inyeshayo kuanzia Novemba hadi Aprili. Tembe ni nyumba ya udongo na miti. Paa likipata ufa, maji hupenya hadi kwenye boriti, na mchwa hufuata. Matone yanayoruka chini huchimba kitako cha ukuta. Kwa nyumba ya namna hii, usipoziba ufa utajenga ukuta si methali tu, ni maelezo ya kazi.

Wako watakaosema hiyo ni kumbukumbu ya Wazungu, tuiache. Siafikiani nao. Ni kweli kwamba Stanley alikaa Kwihara, na Livingstone alibaki hapo akingoja wapagazi kuanzia Machi hadi Agosti 1872. Lakini Oktoba 1873 mwili wa Livingstone ulipita Kwihara ukiwa umebebwa na Susi, Chuma na wenzao. Hapo walimkuta Luteni Cameron wa Uingereza, akawashauri wauzike papo hapo. Walikataa. Waliubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Uamuzi huo mzito ulikuwa wa Waafrika. Isitoshe, njia yenyewe ilikanyagwa na Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo na pembe, na watumwa waliofungwa minyororo. Tembe likianguka, wao ndio watakaopoteza shahidi.

Mwaka 2006 njia hii ya misafara iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO, na Kwihara ni moja ya vituo sita vilivyotajwa. Orodha haizuii mvua.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, pawe na fungu dogo la kila mwaka, si fungu kubwa la kusubiri jengo libomoke, ili mafundi wa vijiji vya jirani wakandike ukuta na kuziba paa kila kiangazi. Pili, wasitumie saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya udongo, kisha hubanduka pamoja na ukuta. Tatu, majina ya Susi na Chuma, pamoja na habari za wapagazi, yapewe nafasi sawa na ya wageni wao.

Nawaomba wahusika wasingoje Novemba.

Mpenda Historia,
Ng'ambo, Tabora.