Vijana wa vijijini nao waende makongamano



Nina dukuduku juu ya vijana wetu Wakristo wa vijijini na makongamano ya kimisheni pamoja na matamasha ya kwaya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini. Kila Pasaka inapokaribia, wanafunzi wa sekondari na vyuo hujiandaa kwenda makongamano ya UKWATA na TYCS. Hilo ni jambo jema. Lakini kijana aliyeishia darasa la saba, anayelima au kuvua, nani anamkumbuka?

Mwaka jana kanisa letu lilialikwa kupeleka vijana kwenye kongamano huko Masasi. Walijiandikisha saba, akaenda mmoja tu, ambaye kaka yake alimlipia nauli. Watatu walikosa fedha. Wasichana watatu walikatazwa na wazazi. Baadhi ya wazee walisema hayo ni matembezi tu.

Wazee wangu, misheni ya Masasi yenyewe ilianza kwa safari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Na Padri Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Unguja. Alirudi huku Kusini mwaka 1886 akafanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akapata upadri. Kazi ya misheni haikufanywa na Wazungu peke yao. Kijana wetu atajuaje kuwa ni kazi yake pia, kama hajapata kukaa na wenzake wakafundishana?

Mimi nilikwenda kongamano mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu. Nilikuwa sithubutu kusimama mbele ya watu. Niliporudi nilianza kufundisha watoto Jumapili, na kazi hiyo naifanya mpaka leo.

Jirani zetu Waislamu wanatupa mfano mzuri. Kunapokuwa na Maulidi kijiji cha pili, wazee wao huchangia usafiri na chakula, na vijana wao huenda pamoja nao. Sisi tunamwachia kijana mzigo peke yake.

Shida ya nauli ina dawa. Fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Pasaka huja Machi au Aprili, mvua zinanyesha na mifuko ni mitupu. Basi kila kanisa lichange wakati wa korosho na kuweka akiba.

Hofu ya wazazi juu ya mabinti naielewa, maana nami ni mzazi. Tuchague mama mmoja anayeheshimika afuatane nao kwenda na kurudi. Na kila aliyepelekwa, akirudi asimame kanisani aeleze alichojifunza na atakachofanya hapa kijijini. Hapo hakuna atakayeita matembezi.

Wale wasichana watatu bado wapo kijijini na bado wanataka kwenda. Tusije tukawalaumu vijana kwa kukaa vijiweni Jumapili, hali walipoomba kwenda tuliwazuia wenyewe.

Mwalimu wa Kijiji,
Mtwara.